Tarumbeta la Mfano

Nchi yenyewe haitatajwa jina hapa, maana kuitaja bila kibali ni kosa, na ofisi ya kutoa vibali mpaka leo ni jiwe la msingi lililozungushiwa kamba. Itoshe kusema ni nchi yenye amani tele, mito kadhaa, na mawaziri wengi kuliko mito. Wenyeji wake ni wapole. Wakiambiwa wapige makofi hupiga, wakiambiwa basi huacha, na wanaochelewa kuacha hupandishwa vyeo.

Sifa kubwa ya nchi hiyo ilikuwa mifano. Mwanzo ilikuwa hundi tu. Mkubwa akitaka kutoa msaada, ililetwa hundi ya mfano, ubao mpana kama mlango, umeandikwa tarakimu nono. Yeye alishika upande mmoja, mpokeaji upande wa pili, picha ikapigwa. Hundi yenyewe, ile ndogo ya benki, iliahidiwa kufuata. Baadaye viongozi waligundua kwamba watu waliushangilia ule ubao, na hakuna aliyeishangilia ile ndogo ilipofika, hasa kwa kuwa haikufika. Basi mambo yakarahisishwa. Likazinduliwa daraja la mfano, la mbao za sanduku, na waziri akalivuka kwa vidole viwili. Zahanati moja ikapewa gari la wagonjwa la mfano, ambalo mpaka leo limewekwa juu ya kabati la mganga mkuu. Mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa siku hiyo alionyeshwa hilo gari ili apate faraja. Alijifungulia kwenye toroli, lakini hilo halikuwemo kwenye ratiba.

Humo ndimo alimozaliwa Siwema, na kosa lake la kwanza maishani lilikuwa kuamini anachosikia redioni. Alisikia kwamba Chuo cha Taifa cha Muziki kimeanzisha Mfuko wa Wahitaji, ili mtoto yeyote wa maskini mwenye kipaji asome bila kulipa ada. Akazima redio, akaenda kumwambia shangazi yake.

Shangazi Mashavu alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya harusi. Kwa miaka mingi katika mji wao hakuna bibi harusi aliyetolewa kwao bila Shangazi Mashavu kutangulia mbele, anapuliza, huku mawifi wanakata viuno nyuma yake na magari yanasubiri wapite. Nyimbo alizitunga mwenyewe. Zote zilikuwa kichwani, hata moja haikuandikwa, kwa sababu kuandika muziki hakukujua. Kisha kifua kikaanza kumbana. Akipuliza mstari mmoja, anakohoa kwa muda wa miwili. Tarumbeta akampa Siwema, ambaye alimlea na kumfundisha tangu utotoni. Nyimbo akampa vilevile, lakini nyimbo zilikuwa nyingi, na Siwema alikuwa akizisahau. Kila alipoisahau moja aliona haya kama mtu aliyevunja vyombo vya watu.

"Nenda wakakufundishe kuandika," shangazi alimwambia. "Halafu uje uniandikie hizi zangu, kabla sijaondoka nazo."

Hilo ndilo Siwema alilolitaka, wala si jingine. Hakutaka umaarufu, hakutaka kwenda ng'ambo. Alitaka ajue kuziweka nyimbo za shangazi yake kwenye karatasi wakati shangazi yuko hai na anaweza kumsahihisha.

Alikwenda Chuoni, akafanyiwa usaili wa kupiga, akapita. Msaili mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka katikati ya wimbo akajikuta anatingisha mabega, ikabidi aombe radhi kwa wenzake. Siwema akapewa nafasi, kwa sharti kwamba ada ilipwe kabla ya sherehe ya kufungua muhula, la sivyo nafasi apewe mwingine. Ada yenyewe ilikuwa hivi: ukiiuza nyumba ya Shangazi Mashavu pamoja na choo chake, ungepata ya muhula mmoja na chenji ya soda. Siwema hakuogopa. Si kulikuwa na Mfuko?

Kamati ya Kupima Uhitaji ilikuwa inakaa hotelini, kando ya bwawa la kuogelea, kwa kuwa wajumbe walikubaliana kwamba uhitaji ukitazamwa kwa karibu mno hauonekani vizuri. Walikuwepo huko tangu mvua za vuli. Walilipwa posho ya kikao, posho ya mazingira magumu kwa sababu ya mbu wa bwawani, na posho ya huzuni kwa sababu ya habari walizolazimika kuzisikia. Posho zote zilitoka kwenye Mfuko wa Wahitaji. Asiyejua taratibu angesema wanaula, lakini wao walisema wanajitolea.

Mwenyekiti wao alikuwa Bi. Eufrasia, mama mwenye sauti laini sana, aliyewahi kufundisha kwaya na kuachishwa kwa sababu ambazo kwaya inazijua.

"Shikamoo, mama," Siwema alimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Keti. Usiogope, hapa sisi ni wazazi wako. Sasa tuambie, wewe ni mhitaji kweli, au umesikia tu kwa wenzako?"

"Kweli, mama. Sina kitu."

"Hapo mkononi umeshika nini?"

"Tarumbeta."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja aliacha kutafuna.

"Kumbe una tarumbeta," Bi. Eufrasia alisema taratibu, kama daktari anayetoa majibu mabaya.

"Ni la shangazi yangu, mama. Alinipa."

"Alikupa, kwa hiyo ni lako. Ni mali, binti yangu. Ni shaba. Sasa mwenye shaba zake akija hapa kulia njaa, sisi tumweleweje?"

"Lakini nimekuja kusoma muziki."

"Hapo ndipo tunaposikitika. Hebu piga kidogo tukusikie."

Siwema akapiga. Wahudumu wa hoteli wakasimama na trei zao mkononi. Alipomaliza, mjumbe aliyekuwa pembeni, mzee wa suti ya kijivu, akatikisa kichwa.

"Anapiga vizuri mno," alisema. "Maskini hapigi hivi. Mwalimu wako alilipwa na nani?"

"Hakulipwa, mzee. Ni huyo shangazi yangu."

"Andika hapo," mzee alimwambia karani. "Ana shangazi."

Karani akaandika. Bi. Eufrasia akavua miwani, akamtazama Siwema kwa huruma nyingi, maana huruma ndiyo kitu pekee ambacho Kamati iliruhusiwa kukitoa bila idhini ya wizara.

"Nikushauri kama mzazi," alisema. "Likabidhi Chuoni, kwa uangalizi. Ukishalikabidhi utakuwa huna kitu kabisa, na sisi tutakupima upya kwa roho safi."

Siwema alimpigia shangazi yake simu. Shangazi alikohoa kwanza.

"Watakurudishia?" aliuliza.

"Wamesema ni kwa uangalizi tu, shangazi."

"Mimi nimepiga kwenye harusi za matajiri na za walalahoi, sijaona mahali mpigaji anaacha tarumbeta getini ndipo akaribishwe ndani. Lakini wewe ndiye uliye huko. Fanya unavyoona."

Siwema alilifuta mdomo wake kwa upindo wa kanga, akalipeleka. Mpokeaji alilitupia chini ya meza, karibu na ndoo ya deki. Siwema alilia njia nzima kurudi bwenini, na kuanzia siku hiyo alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia hapo awali.

Majibu yalitangazwa na Mkuu wa Chuo mwenyewe, Profesa Kishindo, mtu aliyesomea kinanda nchi za mbali akarudi na koti la wapiga kinanda. Aliwaita waombaji ofisini kwake, akawaambia kwamba baada ya gharama za kutafuta wahitaji kuondolewa, Mfuko umebaki na uwezo wa kumsaidia mhitaji mmoja, na kwamba Kamati imempata. Ni kijana Brayani Lumbaga, mtoto wa Mheshimiwa Lumbaga, Waziri wa Utamaduni, Nyimbo na Makofi.

Waombaji wengine wakatoka kimyakimya, kama walivyofunzwa. Siwema alibaki.

"Profesa, samahani. Huyo Brayani ni mhitaji vipi?"

"Swali zuri," alisema Profesa, ambaye hakupenda maswali mazuri. "Kamati ilimpima kijana yule ikatokwa na machozi. Nyumba anayokaa ni ya baba yake. Gari analoendesha ni la serikali, na mafuta ni ya serikali. Walinzi si wake. Saa aliyovaa risiti yake ina jina la mama yake. Kijana hana kitu chochote hapa duniani. Tukamuuliza kuhusu shangazi. Hana. Baba yake alizaliwa peke yake."

"Na mimi, ambaye nimekabidhi?"

"Wewe sasa umekuwa mhitaji kamili, na nakupa hongera. Tatizo ni kwamba huna chombo. Chuo cha muziki kitamfadhilije mtu asiye na chombo? Tungekuwa chuo cha ushonaji, ningekuelewa."

"Chombo si mnacho nyinyi, Profesa?"

"Na tunakushukuru sana. Kimeshaingia kwenye mali za Mfuko, atakabidhiwa mnufaika."

Watu wa nchi nyingine wanaweza kudhani Profesa alikuwa anatania. Hakuwa anatania hata chembe. Mtu mwenye elimu kama yake hatanii na vitu vya umma. Alimtazama binti akitetemeka mdomo, akadhani ni shukrani, na hapo likamjia wazo.

Shida ilikuwa ndogo lakini ya aibu. Itifaki ilidai mnufaika amshukuru mgeni rasmi kwa wimbo, na mgeni rasmi alikuwa baba yake mnufaika. Brayani hakujua kupiga. Alikuwa amefundishwa kwa wiki kadhaa, na sauti pekee aliyoweza kuitoa ilikuwa ile ya kiti kinachosogezwa. Kwa hiyo Chuo kikafanya kile ambacho nchi nzima ilikifanya kwa uzoefu. Kiliagiza kwa seremala tarumbeta la mfano, la mninga, kubwa ili lionekane mpaka viti vya nyuma, likapakwa rangi ya dhahabu. Brayani atalishika hilo jukwaani. La kweli litapigwa nyuma ya pazia, na mtu anayejua kulipiga.

"Ukifanya vizuri," Profesa alimwambia Siwema, "Kamati itakaa tena kukufikiria."

"Itakaa wapi?"

"Hotelini, bila shaka."

Siwema akakubali. Kosa lake la kuamini lilikuwa bado halijamtoka, na zaidi ya hayo, alitaka kulishika tena tarumbeta lake hata kwa dakika chache.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Hundi ya mfano ilikataa kupita mlangoni, ikabidi fremu ing'olewe. Mabango yalisema Hakuna Kipaji Kitakachoachwa, na chini yake walipangwa wanafunzi ambao nafasi zao zilikwisha siku hiyo, wamevalishwa fulana za Mfuko, wakiwa na kazi ya kutabasamu.

Nyuma ya pazia Siwema alipewa tarumbeta lake. Lilikuwa na harufu ya maji ya deki. Alilikumbatia, akaona aibu, akaendelea kulikumbatia. Brayani akaja na lile la mninga, jasho linamtoka kwa uzito wake.

"Dada, samahani," alisema. "Naomba usipige wimbo mrefu. Nikivimbisha mashavu muda mrefu kichwa kinaniuma."

"Kwani wewe muziki unaupenda?"

"Mimi nilitaka kusomea mifugo. Mzee akasema ng'ombe hawapigi makofi."

Alionekana mwenye huzuni ya kweli, na Siwema alishindwa kumchukia, jambo lililomkera, maana alikuwa amejiandaa kumchukia tangu asubuhi.

Mshereheshaji akaita. Profesa Kishindo akapanda, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa kuwataja wakubwa wote mmoja mmoja mpaka maua ya mezani yakaanza kunyong'onyea. Ndipo akasimama Mheshimiwa Lumbaga.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaopita vichochoroni wakidai serikali haiwajui wahitaji. Leo nawajibu. Nimemwona mhitaji kwa macho yangu. Nimemwona akila, nimemwona akilala, nimemwona akikua. Na nasema bila woga wala upendeleo, sijaona nchini humu kijana ambaye hali yake imenigusa kama huyu. Nikimtazama ni kama najitazama mimi mwenyewe. Serikali hii haitachoka kumsaidia."

Makofi. Hundi ikashikwa, baba upande huu, mwana upande ule, picha zikapigwa. Bi. Eufrasia alifuta machozi, na karani akaandika posho.

"Sasa," mshereheshaji alitangaza, "mnufaika wetu atashukuru kwa wimbo."

Brayani akainua mninga wake, akavimbisha mashavu. Nyuma ya pazia Siwema akafumba macho, akapuliza. Alikuwa ameuchagua wimbo ambao shangazi yake aliupiga bibi harusi anapovuka kizingiti cha kwao. Ukumbi ulibadilika. Wahudumu, madereva, mama mmoja wa vyakula aliyesimama mlangoni, wote waliujua wimbo ule, waliolewa nao au waliwatoa dada zao nao. Mama akapiga kigelegele, akanyamazishwa na mtu wa usalama kwa kuwa vigelegele havikupangwa. Siwema akamaliza mstari wa kwanza, akamaliza wa pili, akavuta pumzi aingie wa tatu, na wa tatu haukuwepo.

Aliutafuta. Alijua vidole vinaanzia wapi, lakini wimbo wenyewe ulikuwa umemtoka. Ulibaki mahali pamoja tu, kwenye kichwa cha mwanamke anayekohoa, na yeye alikuwa ameacha kukaa karibu na mwanamke huyo ili aje kusimama nyuma ya pazia hili. Akashusha tarumbeta. Hofu ilimshika, si ya Profesa wala ya waziri. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba nyimbo zile zinaweza kwisha kweli, na kwamba kila siku aliyopoteza hapa aliitoa kwenye kifua cha shangazi yake.

Ukumbi ukawa kimya. Siwema akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Brayani alikuwa bado amevimbisha mashavu, vidole vinacheza juu ya vitufe vilivyopakwa rangi, macho yamemtoka. Hakujua kama sauti imekatika. Hakuna kilichosikika isipokuwa feni za darini.

Kisha mtu wa mstari wa mbele, mwenye uzoefu, akaanza kupiga makofi. Mstari mzima ukafuata, halafu ukumbi. Walipiga kuliko walivyoupigia wimbo. Mheshimiwa alisimama, leso machoni, na wote wakasimama.

"Sikilizeni," alisema kwa sauti iliyokatika kwa hisia. "Sikilizeni anavyopiga. Hakuna makelele. Huu ndio muziki unaofaa kwa taifa."

Profesa Kishindo alikuwa anaitikia kwa kichwa akifuata mdundo. Mtu aliyesomea muziki mpaka nywele zikamwisha alikuwa anatingisha kichwa kwa mdundo usiokuwepo, na usoni alionekana kuufurahia. Siwema alimtazama kwa muda. Hasira ilimpanda taratibu, safi, na ikamsaidia. Huyu ndiye ambaye Siwema alitaka amfundishe kuandika nyimbo. Angemwandikisha nini mtu huyu?

Hakungoja Kamati ikae. Alilifunga tarumbeta kwenye kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita nyuma ya jiko, akafika getini.

Mlinzi alinyoosha mkono. "Simama hapo, dada. Umebeba nini?"

Siwema akafungua kanga. Shaba ilikuwa imebonyea pembeni, imechujuka pale Shangazi Mashavu alipozoea kulishika.

"Tarumbeta," alisema.

"Mali ya Chuo hiyo. Haitoki bila kibali."

"Hili ni la mfano tu, kaka. La kweli liko jukwaani. Kama huamini, chungulia."

Mlinzi akatazama kupitia dirisha la ukumbi. Aliona lile la dhahabu, kubwa, linang'aa, na waziri amesimama kwa heshima mbele yake. Akalitazama hili lililobonyea, na hata akacheka kidogo.

"Kweli," alisema. "Hili halifanani na kitu. Haya, pita."

Siwema akavuka barabara. Alijua hatarudi, na kwamba nafasi yake imekwenda. Kuandika muziki hatajifunza, labda kamwe. Kilichobaki ni kukaa miguuni kwa shangazi yake na kuzishika nyimbo moja moja kwa kichwa chake kibovu, akishindana mbio na kile kikohozi, na hakuwa na uhakika kwamba atashinda. Alilia waziwazi kando ya barabara, wapita njia wakampisha. Kisha akapangusa uso, akaweka tarumbeta mdomoni, akaanza upya mstari wa kwanza, akapita wa pili bila kupumzika, na wa tatu ukaja wenyewe.

Akaupiga kwa nguvu zake zote. Mama wa vyakula kule mlangoni akaitikia kwa kigelegele, na safari hii hakunyamaza.

Ndani ya ukumbi Mheshimiwa alikunja uso. Alimwinamia Profesa, akamuuliza ni nani huyo anayepiga kelele huko nje wakati watu wanasikiliza muziki. Profesa Kishindo akaomba radhi, akainuka mwenyewe, akafunga madirisha.